Mna repo ngapi? Sisi tulikuwa na kumi na moja

Nimekaa kimya hapa karibu miezi miwili. Sikuwa mgonjwa, wala sijaacha kuandika. Nilikuwa nafanya kazi isiyo na sifa yoyote, kazi ambayo hata mama akiniuliza "leo umefanya nini" sina la kumjibu: nilikuwa nahamisha mafaili. Mradi wetu mmoja wa programu huria ulikuwa na repo kumi na moja. Leo una tatu. Nataka kueleza kwa nini, maana naona vijana wenzangu wengi wanaotoka chuoni wakifanya kosa lile lile, na wengine wanaliita utaalamu.

Kwa wasiohusika na mambo haya, repo ni ghala. Ndani yake mnaweka msimbo wa programu pamoja na historia yake yote: nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Mradi mdogo unaweza kuwa na ghala moja, mwingine una mia. Swali la leo ni hili: ukuta kati ya ghala na ghala uwekwe wapi?

Mradi wenyewe

Tuko watatu. Wawili tuko Meru, mmoja yuko Embu. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 100 za barabara, kupitia Chuka na Runyenjes, kwa hiyo kukutana ana kwa ana ni mara moja kwa mwezi tukijitahidi. Programu yetu inasaidia vyama vya ushirika vya maziwa. Karani anapima maziwa kwenye kituo asubuhi na jioni, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anapata ujumbe mfupi, na mwisho wa mwezi ofisi inachapisha karatasi ya malipo baada ya kukata deni la chakula cha ng'ombe na dawa. Tuliiachia leseni huria kwa sababu tulijua ushirika mdogo hauna pesa za kununua programu ya kampuni, na kwa sababu tulitaka mtu yeyote aweze kukagua hesabu.

Tulipoanza, nilikuwa nimemaliza shahada miaka miwili tu kabla. Kichwa kilikuwa kimejaa michoro. Nikachukua karatasi nikachora masanduku, na kila sanduku likawa repo yake:

1. Programu ya simu ya karani
2. Tovuti ya ofisi
3. Maktaba ya kukokotoa malipo
4. Ujumbe mfupi
5. Kusoma mizani kwa Bluetooth
6. Ripoti
7. Tafsiri za Kiswahili, Kimeru na Kiembu
8. Mwongozo wa watumiaji
9. Kusakinisha seva
10. Mipangilio ya ushirika
11. "Vitu vya pamoja"

Hiyo ya kumi na moja ingetosha kunifungua macho. Ukiona umelazimika kujenga ghala la vitu ambavyo maghala mengine yote yanavihitaji, jua kuta zako umeziweka mahali pasipofaa. Lakini wakati ule nilijiona mhandisi. Mchoro ulikuwa mzuri sana. Niliuweka hadi kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi.

Shilingi 40

Mwaka jana ushirika mmoja upande wa Nkubu ulinunua mizani ya kidijitali. Ile ya zamani ilikuwa inasomwa kwa macho, tukawa tunakadiria kilo hadi tarakimu moja baada ya nukta. Mizani mpya inatoa tarakimu mbili. Tukabadilisha maktaba ya hesabu, tukatoa toleo jipya, tovuti ya ofisi ikaanza kulitumia siku hiyo hiyo. Programu ya simu ilikuwa repo nyingine. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja unaosema "tumia toleo la zamani", na hakuna aliyeukumbuka.

Majaribio yalipita kila mahali. Repo ya hesabu, kijani. Repo ya tovuti, kijani. Repo ya simu, kijani pia, maana ilikuwa inajipima kwa kanuni yake ya zamani na kujipa alama zote. Hakuna jaribio hata moja lililoweza kuuliza swali la maana kuliko yote: je, ujumbe anaopata mkulima unalingana na karatasi anayopewa? Swali hilo lilihusu repo tatu, kwa hiyo halikuwa na makao.

Mwisho wa mwezi nilikuwa ofisini kwao kwa shughuli nyingine. Mzee mmoja akaingia akiwa na simu mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Alikuwa amejumlisha ujumbe wote wa mwezi mzima kwa kalamu, nyuma ya kalenda. Ujumbe ulisema kilo 212.4. Karatasi ilisema 211.6. Kwa bei ya shilingi 50 kwa kilo, hiyo ni tofauti ya shilingi 40.

Nikaanza kumweleza habari ya kukadiria tarakimu. Akanisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Kijana wangu, mizani ya kwanza ilikuwa inatuibia mchana tukiiona. Sasa hii yenu inaiba usiku?"

Sikuwa na jibu. Karatasi ndiyo iliyokuwa sahihi, nami nilikuwa na uhakika wa hilo. Lakini uhakika wangu ungemsaidia nini? Yeye alikuwa na namba mbili kutoka kwa programu moja. Katibu wa ushirika, mtu mwenye busara, aliamua kila mkulima ambaye ujumbe wake ulikuwa na kilo nyingi zaidi alipwe kwa ujumbe. Mwezi ule ushirika uligharimika kwa sababu ya mchoro wangu mzuri.

Mwanafunzi aliyeondoka

Pigo la pili halikuhusu pesa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Embu alitaka kutusaidia kwenye tafsiri za Kiembu. Alisema, kwa adabu, kwamba zetu zinasomeka kama zimeandikwa na Wameru, na hakukosea. Nikamtumia mwongozo. Ili aone neno moja likibadilika kwenye kioo, alihitaji kunakili repo saba, kwa mpangilio maalumu, na kusakinisha kila moja na maktaba zake. Kwa siku mbili alihangaika. Stima ilipotea mara moja. Siku ya tatu akaniandikia: "Kaka, samahani, nimeshindwa kuiwasha. Bando imeisha."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Mtu amejitolea bure, ametumia bando lake mwenyewe, halafu anatuomba msamaha. Hakurudi tena, na simlaumu.

Programu huria haiishi kwa leseni. Inaishi kwa watu wanaoweza kuingia. Leseni yetu ilisema "karibuni wote", na mlango wetu ulikuwa na kufuli saba.

Wakubwa wanafanyaje?

Kila nikianzisha mjadala huu mtu ananiambia, "Lakini Google wana repo moja." Ndiyo. Makala waliyochapisha wahandisi wao mwaka 2016 ilitaja takriban terabaiti 86 na mistari bilioni mbili ya msimbo katika ghala moja. Lakini walijitengenezea mfumo wao wenyewe wa kulibeba ghala hilo. Mwingine anasema kampuni fulani ina mamia ya repo. Nayo ina mamia ya wahandisi. Hoja zote mbili hazitufai sisi watatu.

Mfano unaotufaa zaidi ni Linux. Kiini chake kiko katika ghala moja, pamoja na viendeshi vya vifaa vya kila aina. Mtu akibadilisha jinsi sehemu ya ndani inavyoitwa, anatarajiwa kurekebisha na wote wanaoiita, humo humo. Mabadiliko yanakwenda pamoja au hayaendi kabisa. Laiti ningeliiga hilo, mzee wetu asingejumlisha nyuma ya kalenda.

Lakini mfano wa kwetu kabisa ni OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za VVU kule Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kikishirikiana na Indiana na taasisi ya Regenstrief. Mwaka 2006 ilikuwa inatumika Eldoret, na baadaye ikasambaa hadi Rwanda, Haiti, Msumbiji na kwingineko.

Tazameni repo zao. Kuna openmrs-core, ambayo ni kiini. Kisha kuna nyingi zinazoanza na openmrs-module, kila moja ikiwa nyongeza ya kazi fulani. Mtu akiona jina tu anajua yuko wapi. KenyaEMR, mfumo unaotumika katika vituo vingi vya afya vya umma hapa nchini, umejengwa juu ya kiini hicho, na moduli yake kuu inaitwa openmrs-module-kenyaemr. Ukuta huo una maana. Wizara ya Afya ya Kenya ikibadilisha fomu, Kenya inatoa toleo lake bila kumsubiri mtu wa Haiti, na mtu wa Haiti halazimiki kubeba fomu zetu. Wenye mali ni tofauti, ratiba ni tofauti, basi na ghala liwe tofauti.

Sasa angalieni upande wa pili. Walipoanza kujenga sura mpya ya mfumo huo kwa JavaScript, walianza na repo ndogo ndogo: ya kuingia, ya menyu ya juu, ya mitindo, ya kushughulikia makosa. Baadaye nyingi ziliunganishwa katika openmrs-esm-core, na sehemu za faili la mgonjwa zikakusanywa katika openmrs-esm-patient-chart. Watu wale wale walikuwa wakizibadilisha zote kwa wakati mmoja. Mradi ule ule ulitenganisha mahali penye watu wawili na kuunganisha mahali penye kazi moja. Somo lote liko hapo.

Shamba la nyanya yangu

Wasomaji wa Meru na Embu hawahitaji kufundishwa habari ya mipaka. Zamani familia ilikuwa na vipande vya ardhi vilivyotawanyika kwenye mteremko wa Mlima Kenya: kimoja juu, kingine karibu na mto kwa nduma, kingine chini kwenye joto kwa mawele na kunde. Mtu alitembea sana, lakini kila kipande kilikuwa na udongo wake na msimu wake. Kutawanyika kule kulikuwa na sababu.

Kisha ukaja Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na vipande vikaanza kuunganishwa kuwa shamba moja lenye hati. Kazi ya shamba ikawa rahisi kwa wengi. Lakini mpango huo ulitekelezwa wakati wa hali ya hatari, na wako waliorudi kutoka vizuizini wakakuta mipaka imechorwa bila wao.

Leo tumegeuka tena. Ekari moja inagawanywa kwa wana wanane, kila mmoja anapata ukanda na ua wake. Ua zinakula ardhi, njia za kupita zinakula ardhi, na mwisho kila mtu ana mpaka lakini hakuna mwenye shamba. Repo zetu kumi na moja zilikuwa ukanda wa aina hiyo. Hazikuwa na udongo tofauti. Tulizigawa kwa sababu kugawa ni rahisi.

Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kwamba mfumo hufuata jinsi watu walioutengeneza wanavyowasiliana. Sisi tunawasiliana kwa kundi moja la WhatsApp lenye watu watatu. Halafu tukajenga mfumo wa kampuni yenye idara kumi na moja.

Jinsi tulivyounganisha

Hatukufuta historia. Kuna wanaokusanya mafaili na kuyatupa kwenye repo mpya tupu, wakidhani wamemaliza. Hapo umepoteza sababu ya kila mstari, na umewafuta watu waliochangia. Sisi tulitumia amri ya git subtree, kila repo ya zamani ikaingia kama folda pamoja na historia yake. Folda zina majina ya kawaida: simu, ofisi, hesabu, ujumbe, tafsiri.

Pia hatukuunganisha mwenzetu akiwa hayupo. Alikuwa na matawi mawili ya kazi ambayo hayajaisha. Tulimsubiri wiki mbili hadi akamaliza. Nilikumbuka wale waliorudi wakakuta mipaka imechorwa.

Repo za zamani tumezifunga zisibadilishwe, na kila moja ina maandishi yanayosema kazi imehamia wapi. Usizifute. Kuna mtu mahali fulani ana kiungo chake.

Repo mbili tuliziacha nje. Ya kusoma mizani imebaki peke yake, kwa sababu kuna mtu nje ya mradi anayeitumia kwa kahawa, wala hana haja na maziwa yetu. Ana ratiba yake. Hiyo ndiyo sababu halali ya ukuta.

Ya pili ni mipangilio ya ushirika, na hapa nikiri jambo. Nilipokuwa naikagua kabla ya kuihamisha, nilikuta faili la majaribio lenye majina halisi ya wakulima na namba zao za kitambulisho. Bahati nzuri repo hiyo ilikuwa bado ya siri, ya sisi watatu tu. Kama ningeiunganisha bila kuitazama, ingetoka hadharani na historia yake yote. Kufuta faili kwenye git hakuliondoi kwenye historia. Lazima historia yenyewe iandikwe upya. Tulifanya hivyo, tukauarifu ushirika. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hili si suala la adabu tu. Msimbo ni wetu sote. Taarifa za mkulima ni za mkulima, na haziingii kwenye ghala la watu wote.

Maswali ninayojiuliza sasa

Kabla ya kufungua repo mpya, najiuliza:

- Je, kuna mwenye mali mwingine, mtu ambaye ana haki ya kuamua bila kuniuliza?
- Je, inatolewa kwa ratiba yake, au kila mara inasubiri nyingine?
- Nikitazama mabadiliko ya miezi mitatu, je, hubadilika pamoja na repo ileile kila mara? Kama ndiyo, hizo ni moja.
- Je, kuna siri ndani yake ambayo haipaswi kuonekana?
- Mgeni mwenye bando dogo na kompyuta ya mkopo anahitaji hatua ngapi ili aone badiliko lake likifanya kazi?

Kama majibu hayakulazimishi, tengeneza folda. Folda ni mpaka wa kutosha. Siku mwenye mali mwingine akija kweli, kutoa folda iwe repo ni kazi ya alasiri moja. Kurudisha repo kumi na moja ziwe tatu kumetuchukua miezi miwili.

Najua hoja za upande wa pili. Repo kubwa ni nzito kupakua. Kweli, lakini git clone --depth 1 inaleta hali ya sasa bila historia yote, na hiyo moja ni nyepesi kuliko saba zenye historia kamili. Majaribio yatachukua muda? Yetu yanachukua dakika tisa. Nakubali dakika tisa. Ndani yake kuna jaribio jipya linalochukua ujumbe wa mwezi mzima wa mkulima wa kubuni, linaujumlisha, na kuulinganisha na karatasi ya malipo. Zikitofautiana hata kwa senti, hakuna toleo linalotoka. Jaribio hilo tumelipa jina kalenda.

Ule mchoro wa masanduku kumi na moja nimeuondoa kwenye ukurasa wa kwanza. Mahali pake pana amri tatu za kuiwasha programu, basi. Nimemwandikia yule mwanafunzi wa Embu, nimemwambia kosa lilikuwa letu, na bando la siku hiyo nitamlipia. Bado hajajibu. Tafsiri za Kiembu bado zinasomeka kama za Wameru.